Walioifumbua siri ya kiduha: kumbukumbu ya wanasayansi wa vyuo vikuu na mbegu walizotuachia

Katika mashamba yanayolizunguka Ziwa Victoria, kuanzia Nyanza na magharibi mwa Kenya hadi mashariki mwa Uganda na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kuna ua la rangi ya zambarau iliyopauka ambalo mgeni hulisifu na mwenye shamba hulitazama kwa uchungu. Ua hilo likishaonekana katikati ya mtama au mahindi, hasara imekwisha kutokea. Wiki kadhaa kabla ya kuchomoza, mmea huo ulikuwa chini ya ardhi ukinyonya maji na chakula kutoka kwenye mizizi ya zao. Ndiyo maana mtama uliopaliliwa vizuri na kupata mvua ya kutosha hudumaa na kukauka majani kana kwamba umepigwa na ukame.

Wanasayansi huuita mmea huo Striga. Nchini Tanzania jina lake ni kiduha. Waluo hukiita kayongo. Kwa anayeandika Kiswahili cha habari jambo hili si dogo. Taarifa za mashirika hufika mezani zikiwa na jina la Kilatini tu, na zikisomwa hewani hivyo hivyo, mkulima anayekijua kiduha tangu utotoni huweza kusikiliza mpaka mwisho asitambue kuwa habari ilihusu shamba lake mwenyewe. Makala haya yatatumia jina la kiduha.

Tunawakumbuka hapa wanasayansi ambao kazi yao imekutana katika gugu hili. Larry Butler, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alifariki mwaka 1997. Mwenzake wa chuo hicho hicho, John Axtell, mtaalamu wa jenetiki ya mtama, alifariki mwaka 2000. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alifariki mwaka 2003. Wa nne, Gebisa Ejeta wa Ethiopia, ndiye aliyevunwa sifa nyingi zaidi, na kwa haki, lakini habari yake haielezeki vizuri bila ya hao wengine.

Mbegu inayosubiri kuitwa

Ili kuelewa ukubwa wa kazi yao ni lazima kwanza kuijua mbegu ya kiduha. Ni ndogo kama vumbi. Mtu akiishika kiganjani huenda asijue kwamba ameshika mbegu. Mche mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo hukaa hai ardhini kwa miaka kumi na zaidi. Udogo wake una maana kubwa. Mbegu ya mahindi imebeba akiba ya chakula inayoutosha mche mpaka upate majani. Mbegu ya kiduha haina akiba ya namna hiyo, na ikiota pasipokuwa na mzizi wa kuung'ang'ania, hufa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo haioti ovyo. Husubiri. Ardhi ikilowa na kupata joto kwa siku kadhaa, huwa tayari, lakini bado haichipui mpaka ipate ishara kwamba kuna mzizi wa zao karibu, umbali wa milimita chache tu. Hapo hutoa kijizizi chake, hujibandika kwenye mzizi wa mtama, mahindi, uwele, mpunga wa mlimani au muwa, na kutengeneza kinyonyeo kinachopenya hadi kwenye mishipa ya maji ya mwenyeji wake.

Mkulima mwenye jembe hana namna ya kuyaona hayo. Akina mama na watoto wao huking'oa kiduha kwa mkono msimu baada ya msimu, na kazi hiyo ina faida kwa mwaka ujao kwa sababu huzuia mbegu mpya kumwagika. Zao la mwaka huu, hata hivyo, limekwisha kuliwa. Katika shamba lililoathirika vibaya mavuno huweza kupotea yote, na kaya nyingi zimewahi kuliacha shamba zima kwa kuamini kwamba ardhi imerogwa.

Swali lilikuwa hili: ni nini hasa kinachoiambia mbegu kwamba mzizi umefika?

Jibu la kwanza lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1956 aina moja ya kiduha iligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, na serikali ya nchi hiyo, kwa kuhofia mahindi yake, ikatoa fedha za utafiti. Mwaka 1966 C. E. Cook na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba wameitenga kemikali inayoiamsha mbegu ya kiduha, na wakaipa jina la strigol. Waliipata kwenye mizizi ya pamba. Pamba hainyonywi na kiduha kamwe. Mbegu huota kwa kudanganywa na ishara yake, hukosa pa kujibandika, na kufa. Watafiti wa Marekani walijifunza pia kuingiza ardhini gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi, ili mbegu ziote zote kabla ya kupanda. Njia hiyo, pamoja na dawa za magugu na karantini kali, ilikaribia kukifuta kiduha katika majimbo hayo. Mkulima wa Siaya au Shinyanga hana mitungi ya gesi wala trekta la kuiingiza ardhini. Kwake yeye jibu lilihitaji kuwa ndani ya mbegu anayoipanda.

Kijana wa Wollonkomi

Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Wollonkomi, katikati mwa Ethiopia, katika nyumba ya nyasi ya chumba kimoja. Mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba lazima asome. Shule ilikuwa katika mji jirani, na kijana huyo alitembea kilomita 20 kila Jumapili jioni kwenda huko, akikaa wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa. Baadaye alisoma katika shule ya ufundi wa kilimo ya Jimma, kisha Chuo cha Alemaya, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Haramaya, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka huo huo alikutana na John Axtell, aliyefika Ethiopia kukusanya aina za mtama. Axtell alikuwa na sababu nzuri ya kuja. Protini ya mtama wa kawaida ina upungufu mkubwa wa laisini, asidi ya amino ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, na mtoto aliyelelewa kwa mtama peke yake huonyesha upungufu huo mwilini. Axtell na mwanafunzi wake Rameshwar Singh walikuwa wamepima zaidi ya aina 9,000 za mtama kutoka pembe zote za dunia. Aina mbili tu ndizo zilizokutwa na laisini kwa kiwango cha juu, na zote mbili zilitoka Ethiopia.

Hapa kuna jambo linalostahili kusimuliwa kwa kituo. Wakulima wa Wollo, kaskazini mwa nchi hiyo, walikuwa wakizijua aina hizo tangu zamani. Walipanda mashina machache katikati ya mtama mwingine, wakachoma masuke yake yangali mabichi na kuyala kama kitoweo cha heshima. Majina waliyozipa yasema yote: moja waliiita kwa Kiamhari wetet begunche, yaani maziwa kinywani mwangu, na nyingine marchuke, yaani asali hububujika kutoka humo. Maabara ilithibitisha kwa vipimo kile ambacho ulimi wa mkulima ulikuwa umekwisha kukiona. Mtama huo haukuenea baadaye kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa punje zake ni laini na hunyauka, lakini utafiti wenyewe ulimleta Axtell hadi kwa Ejeta. Profesa huyo alimwalika Purdue, na mwaka 1978 kijana wa Wollonkomi akapata shahada ya uzamivu.

Axtell hakuishia kwenye laisini. Alichunguza kwa nini protini ya mtama uliopikwa ni ngumu kusagwa tumboni, na akaonyesha kwamba njia za kienyeji za kuuchachusha unga, kama Wasudani wafanyavyo kwa mkate wao wa kisra, hurahisisha usagaji huo. Bibi zetu wanaouacha uji wa mtama uchachuke usiku kucha hawakuwa wakitafuta ladha peke yake.

Ejeta, kwa upande wake, alikwenda Sudan mwaka 1979 kufanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya ICRISAT. Mwaka 1983 mbegu yake iitwayo Hageen Dura-1 iliidhinishwa, ikiwa mtama chotara wa kwanza kuzalishwa kibiashara barani Afrika. Jina ni Kiarabu cha Sudan: hageen ni chotara, na dura ni mtama. Ilistahimili ukame na kuzaa vizuri kuliko mbegu za asili, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa ikilimwa katika eneo la ekari milioni moja hivi. Hata hivyo, chotara hiyo haikuwa kinga dhidi ya kiduha.

Kisahani cha Butler

Mwaka 1984 Ejeta alirejea Purdue kama mhadhiri. Huko alimkuta Larry Butler, mtu wa maabara ambaye hapo awali alijulikana kwa utafiti wa tanini, kemikali inayoufanya mtama mwekundu uwe na ukakasi na ndege wasiupende. Mmoja alijua kuzalisha mbegu, mwingine alijua kemia. Katika vyuo vikuu vingi watu wa aina hizo mbili hukutana kwenye foleni ya chai tu. Hawa wawili walikaa kwenye tatizo moja kwa zaidi ya miaka kumi.

Mpaka wakati huo aliyetaka kupata mtama unaostahimili kiduha aliupanda kwenye shamba lenye kiduha na kungoja. Njia hiyo ni ya polepole na hudanganya, kwa kuwa mbegu za kiduha hazitawanyiki sawasawa ardhini, na shina lililopona huenda limepona kwa bahati tu. Butler, Ejeta na mwenzao Dale Hess walibuni kipimo rahisi. Walichukua kisahani cha maabara, wakamimina jeli iliyochanganywa na mbegu za kiduha zilizokwisha kulowekwa, wakauweka humo mche mchanga wa mtama na kuuacha mzizi upenye. Baada ya siku chache walipima kwa hadubini umbali kutoka kwenye mzizi hadi mbegu ya mbali kabisa iliyoota. Mzizi unaotoa ishara kali uliziamsha mbegu za mbali. Mzizi mkimya uliziacha zimelala.

Kipimo hicho, kilichochapishwa mwaka 1992, kilionyesha kwamba baadhi ya aina za mtama, mojawapo ikiwa ile yenye alama SRN39, zilistahimili kwa sababu mizizi yake karibu haiiti. Mwaka 1996 walithibitisha kwamba ukimya huo hutawaliwa na jeni moja, na hujitokeza pale tu mmea unapoirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa mzalishaji wa mbegu hiyo ni habari njema kabisa. Sifa yenye jeni nyingi huponyoka kila ukiishika. Yenye jeni moja huweza kuhamishwa kutoka mtama mmoja hadi mwingine bila kupoteza mavuno wala ladha.

Mwaka 1994, kabla hata kazi ya jeni haijachapishwa, tani 8 za mbegu kutoka Purdue zilisambazwa katika nchi 12 za Afrika kwa ushirikiano na shirika la World Vision, zikiwamo Ethiopia, Kenya, Rwanda, Sudan na Tanzania. Kila nchi ilizijaribu kwenye udongo wake. Ethiopia iliidhinisha mbili kwa majina ya Gobiye na Abshir. Tanzania, baada ya majaribio ya watafiti wake, iliidhinisha mbili mwaka 2002 na kuzipa majina ambayo msomaji wetu hahitaji mkalimani kuyaelewa: Hakika na Wahi.

Butler hakuzisikia. Alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Ejeta alipopokea Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 2009, na Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 2023, picha zilizoenea zilikuwa zake peke yake, kama zilivyo picha za tuzo. Katika makala za kitaalamu za miaka ya 1990 majina mawili yamesimama pamoja, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa nini mzizi umwite adui?

Lilibaki fumbo moja. Ikiwa ishara hii humleta mnyonyaji, kwa nini mimea imeendelea kuitoa? Viumbe huacha tabia inayowaua, au huangamia nayo.

Jibu lilikuja mwaka 2005 kutoka Japani. Kohki Akiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mkoa wa Osaka walionyesha kwamba kemikali za jamii ya strigol huwaita rafiki. Ardhini kuna kuvu wanaoishi na mizizi ya mimea mingi, wakiiletea fosforasi kutoka mbali na kulipwa sukari. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutoa ishara ili kuvu hao wauone na kutawanya nyuzi zao kuuelekea. Kiduha ni mdokozi anayesikiliza mwito usiokuwa wake. Miaka mitatu baadaye ikabainika kwamba kemikali hizo hizo, ndani ya mmea, ni homoni inayoamua shina litoe matawi mangapi.

Ugunduzi huo ulieleza jambo ambalo wakulima walikuwa wakilisema siku zote, kwamba kiduha hupenda shamba lililochoka. Udongo usio na rutuba huifanya mizizi iite kwa nguvu zaidi, na anayesikia si kuvu peke yao. Samadi na mbolea, basi, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hulisha zao na kupunguza sauti ya mwito.

Mwaka 2017 maabara ya Ejeta, katika utafiti ulioongozwa na Daniel Gobena, iliitaja jeni yenyewe. Ikiharibika, mzizi wa mtama haukomi kutoa ishara, bali hubadilisha aina ya ishara kuu, na ile mpya haiiamshi vizuri mbegu ya kiduha. Ule uliodhaniwa kuwa ukimya kwenye kisahani cha Butler ulikuwa, kwa usahihi zaidi, lugha nyingine.

Mbita, na mbegu yenye sumu

Thomas Odhiambo hakufanya utafiti wa kiduha. Alikuwa mtaalamu wa wadudu, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge, na mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kwa hoja kwamba matatizo ya Afrika yachunguzwe Afrika na Waafrika waliofunzwa kwa kiwango cha juu kabisa. Alikiongoza hadi mwaka 1994. Kampasi ya kituo hicho huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, leo ina jina lake.

Ni huko ambako katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, alikuwa akitafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua bila dawa. Walipanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na majani ya tembo pembezoni ili yawavute. Wakulima wa magharibi mwa Kenya waliiita vuta-sukuma. Funza walipungua. Kisha ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipanga: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilitoweka. Mizizi yake, ilikuja kujulikana, hutoa kemikali zinazoiotesha mbegu ya kiduha na nyingine zinazozuia isijibandike. Zaidi ya hayo mkunde huo hurutubisha ardhi na kulisha ng'ombe.

Njia ya tatu ilitokana na ushirikiano wa kituo cha mahindi cha CIMMYT, watafiti wa Kenya na Jonathan Gressel wa Taasisi ya Weizmann ya Israel. Walitumia mahindi yanayostahimili dawa ya magugu iitwayo imazapiri, kisha wakaipaka mbegu dawa hiyo. Kiduha kinapojibandika hunyonya sumu na kufa. Nchini Kenya mbegu hiyo iliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. Anayeipanda hushauriwa kunawa mikono kabla ya kushika maharage au mbegu nyingine, kwa kuwa mabaki ya dawa vidoleni huweza kuzizuia zisiote.

Hakuna hata njia moja kati ya hizi iliyokimaliza kiduha. Mtama stahimilivu hupunguza mashambulizi lakini hauyafuti, mbegu bora hazifiki madukani kila msimu, na desmodiamu inahitaji mbegu yake na uvumilivu wa mwaka wa kwanza. Watafiti wanakubaliana kwamba njia hizi zikitumiwa pamoja hufanya vizuri kuliko moja ikiachwa peke yake.

Kwa wasikilizaji wetu ambao mashamba yao yana kiduha, yafuatayo hayahitaji kusubiri maabara. Kiduha king'olewe kabla maua hayajazaa mbegu, kisha kichomwe. Kisipewe mifugo, kwa kuwa mbegu huweza kurudi shambani pamoja na samadi. Jembe lililotumika katika shamba lenye kiduha lisafishwe udongo kabla ya kuhamishiwa lingine, na mbegu ya kupanda isichukuliwe kutoka shamba hilo. Samadi iliyooza vizuri hudhoofisha gugu hili mwaka hadi mwaka. Na anayeweza kubadilisha mazao apande kunde, soya au pamba kwa msimu mmoja au miwili: mizizi ya pamba, ile ile ambayo strigol ilitolewa mwaka 1966, huziotesha mbegu za kiduha na kuziacha zife zikitafuta pa kushika.